Nyumba ya Bwana wa Vanishi

Wandugu, nianze na kuungama. Mimi ni mtu wa majengo, nilisoma ujenzi, na miaka yote ya inivasite nilikuwa na sentensi moja tu juu ya nyumba za matajiri wa Ulaya: "Zimejengwa na jasho letu." Nilikuwa naisema bila kutazama nyumba hata moja. Ni sentensi inayopigiwa makofi, kwa hiyo mtu hachoki kuisema. Kiisha nikapata buruse ya mwaka mmoja Uingereza, nikaingia katika nyumba moja niliyoipenda tangu mlangoni, na ile sentensi yangu nikaiona fupi. Sisemi ni ya uongo. Ni fupi. Leo nataka kuirefusha.

Nyumba yenyewe inaitwa Wightwick Manor. Wanaiandika vile, lakini wenyeji wanatamka "Witiki". Mimi nilimtajia dereva wa basi jina lile kwa herufi zake zote, akanitazama sawa vile mtu anatazama pesa ya bandia. Iko pembeni ya mji wa Wolverhampton, katikati ya Uingereza, fasi ya viwanda, ya chuma na ya makaa ya mawe. Unashuka kwenye basi, unapanda kidogo, na mbele yako inatokea nyumba ya mbao nyeusi na lipu nyeupe, mapaa yenye ncha, machimini marefu ya matofali. Ukiitazama haraka utasema ina miaka mia nne. Kumbe ilianzwa mwaka 1887.

Aliyeijenga ni Theodore Mander. Watu wa ukoo wake walikuwa na biashara pale Wolverhampton tangu mwaka 1773, na kampuni yao, Mander Brothers, ilikuwa na jina kubwa katika mambo mawili: rangi na vanishi. Shikeni neno hilo vanishi, tutalirudia. Theodore hakuwa mwana wa mfalme wala mtu wa mashamba ya urithi. Alikuwa mtu wa kiwanda, mtu wa kanisa, mtu wa siasa za mji, na baadaye akawa meya. Mwaka 1884 Oscar Wilde, yule mwandishi, alifika Wolverhampton kutoa muhadhara juu ya uzuri wa nyumba. Theodore alikaa pale akaandika mambo katika daftari, sawa mwanafunzi. Miaka mitatu nyuma ya pale, akaanza kujenga.

Huyo mtu ananifurahisha, nisifiche. Ni tajiri aliyekubali kwamba pesa haimfundishi mtu kuona. Kwetu tunawajua wangapi wenye kuingia muhadhara na daftari kabla ya kununua sima?

Sasa tuseme kidogo juu ya mawazo yaliyokuwa yanatembea Uingereza wakati ule. Viwanda vilikuwa vimejaza nchi vitu vya bei ndogo na sura mbaya, na mfanyakazi alikuwa amegeuzwa kipande cha mashini. William Morris na wenzake wakasema hapana. Walitaka kitu kitengenezwe na mkono wa mtu anayefurahia kazi yake. Mti uonekane mti, jiwe lionekane jiwe, na fundi ahesabiwe msanii. Mwaka 1859 Morris alimpa rafiki yake Philip Webb kazi ya kumjengea nyumba ya matofali mekundu, Red House, na wengi wanahesabia pale mwanzo wa safari. Jina lenyewe, Arts and Crafts, lilikuja kushika mwaka 1887, wakati wasanii wa London walipoanzisha chama cha maonyesho ya kazi za mikono. Mwaka uleule, kule Wolverhampton, Theodore Mander alikuwa anachimba msingi.

Arshitekte wake alikuwa Edward Ould, mtu aliyezipenda nyumba za kale za mbao za upande ule wa nchi. Ukizunguka nje unaona kazi yake katika hatua mbili. Sehemu ya 1887 iko na matofali mekundu makali, na mbao zake zinakaa juu ya ukuta sawa nguo mpya ambayo haijazoea mwili. Sehemu ya pili, ya 1893, ni kitu kingine. Mbao zinashuka mpaka chini, zimechongwa kwa subira, mistari inajibizana. Miaka sita tu kati ya mikono hiyo miwili, na mtu amejifunza. Wenzangu wa ujenzi, kama mtapata nafasi ya kwenda kule, musiingie ndani haraka. Zungukeni kwanza. Ni mara chache utaona arshitekte anajikosoa mwenyewe juu ya nyumba ileile, bila kubomoa kosa lake.

Ndani ndiyo kuna utajiri. Vyumba vingine vinaitwa kwa jina la ua au jani lililochorwa kwenye karatasi ya ukutani. Karatasi na vitambaa vilitoka kwa Morris & Co., duka lililokuwa Oxford Street, London. Vioo vya rangi ni kazi ya Charles Kempe. Karo za mafasi ya moto ni za William De Morgan, na rangi yake ya bluu na kijani inaonekana sawa ingali na maji. Halafu kuna sebule kubwa ya 1893, dari yake iko wazi mpaka juu kwenye maboriti, na kibaraza cha wapiga muziki kwenye ukuta mmoja, vile walikuwa wanafanya mabwana wa zamani. Kuta zimevalishwa kitambaa cha sufu cha Morris. Nilikaa pale karibu nusu saa. Mlinzi, mama mmoja mzee wa kujitolea, akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Sasa tuikosoe.

Shauri la kwanza wanalotoa wakosoaji ni kwamba nyumba hii inaigiza. Inavaa miaka ambayo haina. Ile sebule ya mabwana wa zamani ilikuwa na taa za umeme tangu mwanzo! Nyumba ilikuwa na mabomba ya kupasha joto, ilikuwa hata na bafu ya mvuke ya Kituruki. Na ni kweli, ukiiweka karibu na Standen, nyumba ambayo Philip Webb alijenga kusini mwa nchi kati ya 1892 na 1894 kwa ajili ya mwanasheria mmoja wa London, tofauti inaonekana. Webb pia alipenda mambo ya kale, lakini hakutaka nyumba mpya idanganye umri wake. Alichanganya tofali, jiwe, mbao na kigae vile mafundi wa kijiji walizoea, basi. Standen haikuambii ni ya karne gani. Wightwick inakuambia, na inakuambia vibaya.

Shauri hilo ni la haki, lakini mimi haliniumizi. Nani aliyedanganywa? Kila mtu Wolverhampton alijua nyumba ni mpya na alijua mwenyewe ni nani. Mtu akivaa nguo za babu yake siku ya ndoa, hatusemi amedanganya watu. Tunasema anatafuta ukoo. Familia ya kiwanda ilitaka ukoo wa mti na moto na wimbo, juu moshi wa kiwanda hautoi ukoo. Mimi nasema ni mchezo wa jukwaani, na umechezwa vizuri.

Shauri la pili ni zito zaidi, na Morris mwenyewe alilijua. Alitaka sanaa ya watu wote, lakini kitu cha mkono kinakula saa nyingi, na saa nyingi ni bei kali. Wanaokinunua ni wenye viwanda, wale wale ambao mashini zao alikuwa anazipinga. Morris alikasirika, akaingia katika chama cha kisosialisti mwaka 1883, akalalamika kwamba anamaliza maisha yake kutumikia anasa za matajiri. Na yeye mwenyewe pesa yake ya kuanzia ilitoka wapi? Wenzetu wa Lubumbashi na Kolwezi, sikilizeni hapa: ilitoka katika hisa za baba yake kwenye mgodi wa shaba, Devon Great Consols, kusini-magharibi ya Uingereza. Mgodi ule ulitoa shaba, kiisha ukatoa aseniki, ile sumu, kwa wingi mkubwa sana. Morris alikaa katika baraza la wakurugenzi mpaka 1875. Na aseniki ilikuwa ndani ya rangi ya kijani ya karatasi zake za kwanza za ukutani.

Tusikimbilie kumcheka. Alikuwa na uwezo wa kukaa na pesa yake kimya, akachagua kusimama barabarani na wafanyakazi. Lakini mnaona namna mambo yanafungana. Ua zuri la ukutani liko na shimo la mgodi nyuma yake.

Shauri la tatu ni langu, na ndilo lililonifanya niandike.

Katika nyumba ile kila mkono uko na jina. Kioo ni cha Kempe, karo ni ya De Morgan, kitambaa ni cha Morris, mbao ni za Ould. Njo uzuri wa mawazo ya Arts and Crafts: wanakufundisha kuuliza "nani alifanya?" Sisi tunaingia katika nyumba mpya ya milioni, tunajua jina la mwenye parsele paka peke yake. Lakini nilipouliza pesa ya nyumba ilitoka wapi, nikajibiwa neno moja: vanishi. Na vanishi ilitoka wapi? Kiwandani. Swali likaishia pale, kwenye mlango wa kiwanda, sawa vile vanishi inaota ndani ya mapipa.

Vanishi ya karne ile ilipikwa. Walichukua utomvu mgumu wa miti, wakauyeyusha juu ya moto mkali, wakachanganya na mafuta ya kitani, wakapunguza na tapentaini. Utomvu ule ndiyo kopali. Bila kopali au utomvu wa namna yake, hakuna vanishi nzuri ya gari la farasi wala ya meza. Wakati Theodore anajenga, kopali iliyosifiwa kuliko zote sokoni ilikuwa inaitwa kwa jina la Zanzibar, ingawa ilichimbwa ng'ambo, pwani ya bara. Waswahili wanaiita sandarusi. Watu wa pwani waliichimba ardhini, vipande vya utomvu wa kale uliolala mchangani miaka mingi kuliko mti wenyewe. Ikafika Zanzibar, ikasafishwa, ikapanda meli.

Zamu yetu ya Kongo ilikuja nyuma, baada ya 1900. Na hapa ninatoka kwenye vitabu, ninaingia nyumbani.

Koko yangu, mama ya mama, ni mtu wa Équateur. Alihamia Kisangani na ndoa, lakini utoto wake ni wa kule kwenye misitu ya maji. Nilipokuwa mtoto alikuwa anatuambia namna mama yake alikuwa anaenda kutafuta kopali. Wanaingia katika maji ya kinamasi, mpaka magoti, mpaka kiuno. Wanachoma matope na fimbo yenye chuma kwenye ncha. Fimbo ikigonga kitu kigumu, wanainama, wanachimbua na mikono. Kiisha wanakausha, wanakwangua, wanabeba mpaka kwa mnunuzi. Pesa ile haikununua nguo. Ilienda kwenye kodi. Miaka ya 1920 na 1930 kopali ilikuwa kati ya mazao makubwa ya Équateur, na watu wengi waliingia katika maji yale juu ya kodi tu. Magunia yakashuka mto, yakafika Antwerp, na kutoka Antwerp yakaenda kwenye viwanda vya vanishi vya Ulaya na Marekani.

Koko mwenyewe aliijua kopali sawa taa. Kijijini waliiwasha usiku, inatoa moshi na harufu. Hakujua kwamba Wazungu wanaipaka kwenye meza.

Sasa msinielewe vibaya. Nyumba ya 1887 haikujengwa na kopali ya mama ya koko. Hesabu ya miaka inakataa. Ndiyo maana nilisema ile sentensi yangu ya zamani ilikuwa fupi. Mkosoaji hawezi kurusha jiwe kwa sababu tu mkono unamwasha. Lakini angalieni mambo mawili yanayokaa katika miaka ileile.

Theodore alikufa mwaka 1900, bado kijana kwa hesabu ya matajiri. Mwana wake Geoffrey alirithi, akawa mbunge wa Wolverhampton Mashariki kutoka 1929 mpaka 1945, mtu wa chama cha Liberali, mmoja wa wale waliopiga kelele mapema kwamba Hitler asibembelezwe. Mwaka 1932 kampuni ya Mander ilikubaliana na chama cha wafanyakazi, na Ernest Bevin akatia sahihi, juu ya wiki ya kazi ya saa 40. Ilikuwa kati ya kampuni za kwanza kabisa katika Uingereza kufanya vile. Ni jambo la heshima, na mimi ninaliheshimu.

Lakini mwaka uleule wa 1932, mama ya koko alikuwa ndani ya maji. Saa zake nani alizihesabu?

Njo kosa la mawazo yale mazuri. Walisema kazi iwe furaha, mfanyakazi awe mtu. Kiisha wakaweka mpaka kwenye bandari. Kila kitu kilichoingia kwa meli kiliingia bila mkono na bila jina: ni "malighafi" tu, kama vile kilijichimba chenyewe kikajitia kwenye gunia. Vanishi haifichi mti sawa rangi inavyoficha. Inauonyesha mti, inaung'arisha, halafu yenyewe haionekani. Wightwick iko vile. Inakuonyesha mikono kumi ya wasanii kwa mwanga mzuri sana, na kitu kinachotoa mwanga huwezi kukiona.

Je, basi nyumba ni mbaya? Hapana. Hapo ndipo ninaachana na wenzangu fulani wa kupiga makofi. Nyumba ile ndiyo iliyonipa swali. Kama ingekuwa jumba la dhahabu na marumaru nisingeuliza "nani alifanya?", ningeuliza tu "bei gani?" Imenifundisha namna ya kutazama, kiisha ikasimama katikati ya njia. Kazi ya kwenda mbele ni yetu.

Mwaka 1937 Geoffrey aliitoa nyumba kwa National Trust, shirika linalotunza majengo na ardhi kwa ajili ya watu wote. Fikirini: nyumba ilikuwa na miaka 50 tu, na mtindo wake ulikuwa umeshachekwa, umepitwa. Mtu alitoa kitu cha baba yake wakati watu wengi waliona ni takataka ya jana. Yeye na mke wake Rosalie, aliyekuwa mwandishi, waliendelea kuishi mule, wakaijaza picha za wachoraji wa kundi la Pre-Raphaelite katika miaka ambayo wengi hawakuwa na haja nazo. Kwa sababu ile, mtoto wa Kisangani anaweza kulipa tiketi, akaingia, akaikosoa. Nyumba za mabwana wetu ngapi tunaweza kuingia tuzikosoe? Zetu zina ukuta wa mita tatu na vipande vya chupa juu.

Nimerudi nyumbani. Mjomba wangu anajenga kwenye parsele ya familia, akaniita: "Wewe umetoka Ulaya, unichoree kitu sawa cha Dubai." Anataka karo za kung'aa na plafo ya plastiki. Fundi wa mbao anayekaa nyuma ya parsele yetu anaweza kumtengenezea plafo ya mbao ambayo wajukuu wataikuta, lakini mjomba anasema mbao ni mambo ya kimaskini. Tumebishana wiki mbili. Nimeshinda sebule tu. Vyumba vingine ni plastiki. Sebule inatosha kuanza.

Na nimefungua daftari. Nimeandika jina la fundi wa mbao, la waashi wawili, la kijana anayebeba maji. Nimeandika mbao zimetoka msitu gani na zilipita mikono ya nani, mchanga umetoka upande gani wa mto, na saa ngapi watu walifanya kazi kwa siku. Mjomba ananicheka, anasema hiyo si kazi ya injeniere. Daftari litakaa pamoja na karatasi za parsele, ndani ya ile bahasha ambayo hakuna mtu anathubutu kuitupa.

Nilimpelekea koko picha za Wightwick kwenye telefone. Alizitazama polepole, kidole juu ya kioo, akasifu mbao, akasifu maua. Kiisha akauliza kama ndani mule kuna mahali wameandika kopali. Nikamwambia sikuona. Akanirudishia telefone, akaendelea kuchagua mchele.

Ninyi wenzangu, nyumba mnamolala leo, mnaweza kutaja jina la mtu mmoja aliyeinua ukuta wake?